Bamba na Nyundo: Mazungumzo juu ya Kufua Bodi za Magari kwa Mkono

Bamba hutoka kiwandani likiwa bapa, na gari, tangu watu walipoacha kuliunda kwa mfano wa sanduku, halina karibu mahali palipo bapa. Baina ya mambo mawili hayo, wasikilizaji waheshimiwa, pana kazi ya mikono ambayo nimependa kuizungumzia jioni hii, kwa kuwa ni kazi inayosikiwa na kila apitaye karibu na gereji, lakini walio wengi hawaifahamu: kazi ya kulifua bamba la madini kwa nyundo hata likawa madigadi, au boneti, au mlango wa gari lililoagizwa na mtu mmoja kwa matakwa yake, gari ambalo halina la pili yake barabarani wala spea yake dukani.

Tusikiapo mdundo ule, aghalabu tunadhani kwamba fundi anashindana nguvu na chuma, na kwamba mwenye misuli minene ndiye atakayeshinda. Dhana hiyo si sahihi, na madhumuni ya mazungumzo yangu ni kuiondoa. Ufuaji wa bodi ni elimu ya eneo. Kabla ya kila pigo fundi hujiuliza swali moja, nalo ni hili: hapa bamba limezidi au limepungua? Likiwa limepungua hulipanua, likiwa limezidi hulikusanya, na mtu aliyekwisha kufahamu mahali pa kupanua na mahali pa kukusanya anaweza kuifanya kazi yote kwa nyundo ya mti isiyo nzito, ilhali asiyefahamu, hata akipewa nyundo ya mhunzi, atazidi kuliharibu kila anapozidi kulipiga.

Mtazameni fundi cherehani. Hupewa kitambaa bapa naye hutakiwa alivishe bega la mtu, ambalo ni mviringo. Basi hukata hapa, akatia mkunjo pale, akashona, na kitambaa kikakaa. Fundi wa bodi hana nafasi hiyo, kwa sababu kila mshono katika bamba ni mahali pa moto, pa kupindika na pa kazi mpya. Lakini Mola ameyapa madini sifa ambayo kitambaa hakina, nayo ni kwamba yanaweza kuhamishwa. Bamba likipigwa juu ya kitu kigumu huwa jembamba mahali palipopigwa, na eneo lake huongezeka; na maadamu lile lililoongezeka limezungukwa na bamba jingine lisilopigwa, halina pa kwenda ila kuinuka, likafanya tumbo. Kinyume chake, ukingo ukikunjwa kunyanzi ndogondogo, kisha kila kunyanzi ikapigwa taratibu kutoka nchani isipate kufunguka, bamba hujisukuma ndani ya nafsi yake, likawa nene zaidi na fupi zaidi, na ukingo ukapinda bila kukatwa. Kupanua ni rahisi. Kijana hujifunza kwa siku chache. Kukusanya ndiko kunakopambanua fundi na msaidizi wake.

Nchi ambayo sanaa hii ilipata daraja yake kubwa katika magari ni Italia, na hasa miji yake ya kaskazini, Torino, Milano na Modena. Mwaka 1926 waungwana wawili, Felice Bianchi Anderloni na Gaetano Ponzoni, waliasisi mjini Milano karakana ya bodi iliyoitwa Touring, na mwaka 1936 karakana hiyo ikapata hataza ya namna yake ya ujenzi iliyojulikana kwa jina la Superleggera. Waliunganisha mabomba membamba ya feleji yakafuata umbo la gari lote, mfano wa mifupa, kisha juu yake wakavisha mabamba ya alumini yaliyofuliwa kwa mkono. Alumini uzito wake ni kiasi cha theluthi ya uzito wa feleji kwa ujazo ule ule, kwa hiyo gari lilikuwa jepesi, likakimbia, likashinda mashindano. Waingereza nao waliuchukua ujenzi huo kwa leseni, na gari la Aston Martin DB4 la mwaka 1958 lilijengwa hivyo katika mji mdogo wa Newport Pagnell. Ujenzi huo nao ulikuwa na taksiri yake, ambayo warekebishaji wa magari yale wanaijua vizuri mno: feleji na alumini zikigusana mahali penye unyevu, alumini huliwa kidogo kidogo, hata bamba lililosalimika na ajali zote likaangamia kwa maji ya mvua.

Mjini Modena alikuwako Sergio Scaglietti, aliyezaliwa mwaka 1920 akafariki mwaka 2011, mtu aliyeingia kazi ya bodi tangu ujana wake, na ambaye Enzo Ferrari alimkabidhi magari yake ya mashindano tangu miaka ya 1950. Scaglietti alisifika kwa kufanya kazi kwa jicho. Umbo la gari lilizaliwa juu ya gari lenyewe, kwa nyundo na mifuko ya mchanga, si katika meza ya mchora ramani. Katika karakana yake zilifuliwa bodi za Ferrari 250 GTO kati ya mwaka 1962 na 1964, magari ambayo kwa hesabu ya kawaida ni 36, nayo, kwa kuwa yalifuliwa kwa mikono, hayalingani kabisa moja na jingine; mwenye kuyapima atakuta hitilafu ndogo baina ya gari na gari. Mwaka 2018 moja katika magari hayo liliuzwa mnadani huko Marekani kwa zaidi ya dola milioni 48. Sisemi kwamba nyundo peke yake ndiyo iliyolipwa thamani hiyo, maana injini na ushindi na uchache vina sehemu yao, lakini hitilafu zile ndogo hazikumpunguzia mtu bei hata senti moja. Na kiwanda cha Ferrari kilipotoa gari jipya mwaka 2004, kililiita 612 Scaglietti, heshima ambayo si mafundi wengi wa nyundo waliopata kuiona wangali hai.

Yamkini msikilizaji atauliza kwa nini watu hawa waliendelea kupiga nyundo ilhali mashine za kushindilia bamba zilikuwako zamani. Zilikuwako kweli. Mwaka 1914 kampuni ya Edward Budd, mjini Philadelphia, ilianza kuwatengenezea ndugu wa Dodge, waunda magari, bodi za feleji tupu zilizoshindiliwa kwa mashine, na tangu hapo viwanda vikubwa havikurudi nyuma. Lakini mashine hutaka kalibu, kipande cha juu na kipande cha chini, zilizochongwa katika chuma kigumu kwa usahihi mkubwa, na gharama ya kalibu moja ni ya kutisha. Mwenye kutoa madigadi laki moja huigawanya gharama ile hata isionekane, na mwenye kutaka madigadi mbili hawezi. Kwa hiyo palipo na gari moja, au kumi, au 36, mkono wa mwanadamu ungali ndio mashine ya bei nafuu kuliko zote.

Natujongee sasa karibu, tuitazame madigadi moja ya alumini ikifuliwa tangu mwanzo.

Fundi huanza na kiolezo cha mti: mbao zilizokatwa kwa umbo la gari zikasimamishwa kwa kupishana, ili kila bamba lipimwe juu yake. Halifui bamba juu ya kiolezo, maana mti ungepondeka, hupimia tu. Kisha huchukua karatasi akailaza juu ya kiolezo, akaipapasa kwa kiganja, na hiyo karatasi humwambia mambo ambayo hata mwenye uzoefu hapendi kuyakisia. Mahali inapofanya makunyanzi, ajue kwamba bamba litakuwa limezidi, kwa hiyo patakusanywa. Mahali inapogoma kulala mpaka ichanwe, na ikichanwa ufa ukafunguka, ajue kwamba bamba litakuwa limepungua, kwa hiyo patapanuliwa. Huandika hukumu hizo kwa kalamu papo hapo juu ya karatasi, pamoja na mistari ya mahali penye mwinuko mkubwa, ndipo aikunjue, ailaze juu ya bamba, akate kwa mkasi huku ameacha ziada ya vidole viwili pembeni. Nimeona mafundi wanaodharau karatasi kwa kuona ni mambo ya wanafunzi, na nimeona pia mabamba yao yaliyorundikwa nyuma ya gereji.

Hukusanya kingo kwanza. Hutia kunyanzi kwa koleo la ncha mbili, akaweka ukingo juu ya gogo lililochimbwa shimo la kina kifupi, akapiga. Kisha bamba hulazwa juu ya mfuko wa ngozi uliojazwa mchanga, na katikati yake ikapigwa kwa nyundo ya mti yenye kichwa cha mviringo. Katika hatua hii kazi ni mbaya kuitazama. Bamba limejaa mashimo na mabonge, halifanani na kitu chochote kilichopata kuwa juu ya gari, na mteja akiingia saa hiyo hofu humwingia moyoni. Hana sababu ya kuogopa: fundi hatafuti uzuri bado, hutafuta kiasi. Akiisha kupata eneo lililo sawa mahali palipo sawa, ulaini utakuja; na asipolipata, hapana ulaini utakaoliokoa.

Hapa ndipo penye tendo ambalo mimi hupenda kulitazama kuliko yote. Alumini inavyozidi kupigwa huwa ngumu, kwa sababu chembe zake za ndani hupotoka na kuzuiana, hata sauti ya nyundo hubadilika, ikatoka katika mdundo mzito ikawa kali na nyembamba. Akiendelea, bamba hupasuka. Dawa yake ni moto. Lakini feleji ikitiwa motoni hutoa habari, hugeuka rangi ya majani makavu, kisha buluu, kisha nyekundu, ilhali alumini hunyamaza: hubaki na weupe wake ule ule mpaka inapofika karibu na nyuzi 660 za Selsiasi, ikayeyuka ghafula ikaanguka miguuni pa fundi. Basi fundi huwasha gesi ya asetilini peke yake bila oksijeni, mwali ukawa wa manjano wenye moshi mwingi, akaupitisha juu ya bamba mpaka likapakwa masizi mepesi pote. Kisha hufungulia oksijeni, mwali ukawa wa buluu na mkali, akaupitisha tena taratibu juu ya masizi yale. Bamba lifikapo kiasi cha nyuzi 400 hivi, masizi huungua, na chini yake alumini ikatokeza nyeupe. Hapo moto husogezwa mbele, wala hauchelewi, na weupe ukaufuata moto kama ulivyo mwendo wa mkono mpaka bamba zima limesafika. Wako wanaotumia sabuni ya mche badala ya masizi, wakaichora juu ya bamba na kungoja igeuke hudhurungi iliyokoza. Njia zote mbili zina hekima moja: madini yasiyosema yamepewa shahidi wa kuyasemea. Likiisha kupoa, bamba lile lililokuwa gumu hupindika kwa mkono mtupu, na kazi huanza upya.

Baada ya mfuko wa mchanga huja gurudumu, ambalo mafundi wa Ulaya hulinasibisha na Uingereza. Ni fremu kubwa ya chuma yenye magurudumu mawili, la juu kubwa na uso wake ni bapa, la chini dogo na uso wake una tumbo, na bamba hupitishwa baina yake mbele na nyuma, kila mstari kando ya mstari uliotangulia. Hulainisha mabonge ya nyundo, na papo hapo huongeza mwinuko kidogo kidogo, kwa kuwa kila mpito hulipunguza bamba unene usioonekana kwa jicho. Hapa fundi hazungumzi na mtu. Mikono yote miwili imeshika bamba, na kiasi cha kulikaza gurudumu la chini hukijua kwa kusikia uzito wa bamba viganjani. Akikaza mno, mistari hubaki kama matuta, na kuyaondoa ni taabu kuliko kuanza bamba jipya.

Madigadi kubwa aghalabu haiwezi kutoka katika bamba moja, kwa hiyo vipande viwili au vitatu huunganishwa kwa gesi, ukingo kwa ukingo bila kupandana, na dawa ya kuyeyushia ikapakwa ili alumini ikubali kushikana. Dawa hiyo yataka kuoshwa kwa maji ya moto na burashi mara tu baada ya kuchomelea, kwa sababu ikisahauliwa huila alumini kimya kimya chini ya rangi. Mshono ukiisha kupoa hupigwa kwa nyundo ndogo huku kipande cha chuma kizito kikikinga kwa nyuma, maana moto huufupisha mshono, na pigo hurudisha urefu wake. Mwisho kabisa hupitishwa tupa pana juu ya bamba lote, kwa wepesi, si kwa kukata: penye mwinuko pakang'aa, penye bonde pakabaki pamefifia, na fundi akaliinua bonde lile kwa ncha ya nyundo kutoka ndani. Wengine huvaa glavu nyembamba ya pamba wakapapasa, kwa sababu pamba huteleza juu ya bamba na kuviachia vidole kuhisi yale ambayo jicho limeyapitia.

Mambo haya si ya Italia na Uingereza tu. Mwenye kupita Kamukunji, mjini Nairobi, husikia nyundo za mafundi wa jua kali kabla hajawaona, nao hukaa mbele ya vipande vya reli vilivyosimikwa viwe fuawe, wakafua masanduku, majiko na makarai kutokana na mapipa yaliyokwisha kutumika. Na katika miji ya Kenya na Tanzania mabasi mengi huletwa yakiwa chasisi na injini tu, bodi ikajengwa hapa hapa na mafundi wetu. Katika kazi hizo huwako kukunja zaidi kuliko kufua, kwa kuwa basi lina kuta bapa. Lakini pembe za mbele, mahali ambapo kuta na paa na uso wa basi hukutana, zadai elimu ile ile ya kupanua na kukusanya, na wako watu wanaoifanya vizuri bila ya kupata kupigwa picha hata siku moja.

Linaloniumiza mimi katika gereji zetu ni fila, lile rojo la kujazia mabonde ya bamba. Sikatai kwamba fila ina mahali pake: tandiko jembamba juu ya bamba lililokwisha kunyooka, kwa kusawazisha alama za tupa. Lakini limeenea jambo la kuchukua mlango uliobonyea, ukavutwa nusu, na bonde lililobaki likajazwa fila unene wa kidole, ikapigwa msasa, ikapakwa rangi ikang'aa siku ya kukabidhi. Bamba la chini halikutengenezwa, limefichwa. Bamba hutetemeka barabarani na kupanuka juani kwa kiasi chake, na fila kwa kiasi chake kingine, na baada ya muda pakatokea ufa kama uzi, maji yakaingia, kutu ikafanya kazi yake. Mteja hulaumu rangi. Nami hulaumu haraka, na nusu ya haraka hiyo ni ya mteja mwenyewe, aliyetaka gari lake jioni.

Na bamba la feleji lililobonyea lina dawa yake, ambayo haina gharama kubwa. Pigo la ajali hulipanua bamba, kwa hiyo hata likisha kunyooshwa, eneo lake limezidi. Ukilisukuma kwa kidole huingia likalia, ukiliachia hutoka likalia tena. Fundi ajuaye hulichagua tumbo lile, akalipasha moto mahali padogo kama sarafu mpaka pakawa pekundu, akapiga kwa kuzunguka kutoka nje kuja ndani, kisha akapoza kwa kitambaa chenye maji. Sehemu iliyo moto hutaka kupanuka ikazuiwa na sehemu baridi iliyoizunguka, kwa hiyo hujikusanya na kuwa nene. Ikipoa hujivuta, ikavuta na jirani zake. Mara kadhaa hivyo, sarafu baada ya sarafu, na bamba likakaza. Ni ustadi ule ule wa kunyanzi, isipokuwa hapa moto umechukua mahali pa gogo.

Nawasihi basi wenye magari, mnapopeleka gari kwa fundi wa bodi, mwombeni aliweke siku moja bila rangi, mkalitazame na kulipapasa lingali bamba tupu. Fundi mwema atafurahi, kwa maana ni mara chache kazi yake huonwa na mtu. Na mzazi mwenye kijana anayependa kazi hii, asimpe kwanza gari la mtu. Ampatie kipande cha alumini laini, duara, upana wa sahani ya wali, na nyundo ya mti, na mfuko wa mchanga, amtake afue bakuli bila kunyanzi ukingoni. Bakuli la kwanza litakuwa na kingo kama majani ya mgomba yaliyochanwa na upepo, kwa sababu atakuwa amepanua tu katikati akasahau kukusanya kandoni. Amwachie apige mengine. Siku atakapoleta bakuli ambalo ukingo wake umezunguka sawa, na akaweza kueleza kwa maneno yake mwenyewe kwa nini umezunguka, hapo apelekwe gerejini, naye azibe masikio kwa pamba tangu siku ya kwanza, maana mafundi wazee wa kazi hii wengi wao husikia kwa shida.